Maana ya Kundi Kuu



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme machache juu ya neno moja ambalo muhula huu limeenea shuleni kwetu kama sufi wakati wa upepo. Neno lenyewe ni Kundi Kuu. Limetajwa katika mkutano wa wazazi, limetajwa mstarini asubuhi, na mtu fulani amekwisha kuliandika kwa chaki juu ya mlango wa chumba cha ngoma. Lakini nimewauliza wenzangu wengi maana yake, na kila mmoja hunipa jibu lake.

Kwa ajili ya wasomaji walio mbali, hasa wazazi ambao hawakuweza kuhudhuria mkutano, yafaa nieleze habari yenyewe. Mpaka sasa kila kidato hapa kwetu kina kikundi chake cha nyimbo na ngoma. Kidato cha Kwanza wana chao, cha Pili wana chao, na kadhalika mpaka cha Nne. Kila kikundi kina jina lake na nyimbo zake, na siku ya mahafali kila kimoja hupewa zamu mbele ya wageni. Sasa limetolewa shauri kwamba vikundi hivi vinne vivunjwe. Badala yake wachaguliwe waimbaji na wapigaji walio hodari kupita wote, wafanywe kikundi kimoja, nacho kiitwe Kundi Kuu. Ngoma zote zitakuwa mikononi mwao, na chumba cha mazoezi kitakuwa chao. Shauri hilo bado halijakatwa. Tumeambiwa kwamba litaamuliwa muhula ujao. Ndiyo maana naandika sasa, kwani maji yakimwagika hayazoleki.

Sitaki kuficha jambo. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, na katika kikundi chetu napiga manyanga. Sauti yangu si ya kusifiwa na watu. Kundi Kuu likichaguliwa kesho, mimi simo. Msomaji anaweza kusema kwamba natetea manyanga yangu tu. Basi na ayapime maneno, asimpime msemaji.

Neno hili halikuzaliwa hapa Mkuyuni. Waingereza wana neno supagrupu, na wanaolitumia ni watu wa namna mbili ambao kwa kawaida hawakai meza moja: wapenzi wa muziki na wataalamu wa miamba. Nimetafuta habari za wote wawili. Za miamba nimezipata katika vitabu na kwa Mwalimu wetu wa Jiografia. Za muziki nimezipata katika vitabu pia, na kwa wazee ambao walikuwa vijana wakati bendi za Morogoro zilipokuwa na sifa nchi nzima. Baada ya kutafuta naona kwamba neno ni moja, lakini mambo ni mawili, tena hayafanani hata kidogo. Na mimi nashauri kwamba, kabla shule yetu haijalichukua neno hili, ichague kwanza inataka maana ipi.

Nianze na muziki. Katika muziki, supagrupu ni kundi la watu ambao kila mmoja amekwisha kupata jina katika kundi jingine, halafu wakatoka huko na kukusanyika pamoja. Mfano utajwao sana ni kundi la Cream la Uingereza. Mwaka 1966 Eric Clapton, Jack Bruce na Ginger Baker, ambao wote walikuwa wamekwisha julikana katika bendi nyingine, waliungana wakawa watatu. Hata jina lao lilikuwa la majivuno, maana cream kwa lugha yetu ni malai, yale mafuta yanayopanda juu ya maziwa. Walipendwa sana, lakini mwaka 1968 kundi lao likavunjika. Wanamuziki wa Kongo nao walifanya vivyo hivyo huko Paris mwaka 1982, wakati Nyboma, Wuta Mayi, Bopol Mansiamina na Syran Mbenza walipoungana na kujiita Les Quatre Étoiles, yaani Nyota Nne. Kila mmoja wao alikuwa nyota kabla hawajakutana. Ndiyo sababu ya jina lile.

Hapa nchini pia tuna mifano. Mwaka 1964 iliundwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Mwaka 1978 ikaanzishwa Dar es Salaam Orchestra Mlimani Park, ambayo wengi waliijua kwa mtindo wake wa Sikinde. Ndani yake waliingia watu waliokuwa na sifa kwingine: Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka walitoka katika bendi ya wafanyakazi, na Abel Balthazar na Cosmas Chidumule walitoka Dar International. Mwaka 1985 Gurumo, Balthazar na wengine wakavutwa tena, wakaenda International Orchestra Safari Sound. Wazee huniambia kwamba siku zile mchezaji wa bendi alikuwa akivutwa kama mchezaji wa mpira. Lakini bendi hiyo mpya ya mastaa haikudumu. Ilivunjika, na baadaye Gurumo alirudi katika bendi yake ya zamani.

Bendi ile aliyoirudia ndiyo inayonifikirisha. Ilizaliwa kwa jina la NUTA, ikaitwa JUWATA, ikaitwa OTTU, na mwisho ikaitwa Msondo Ngoma. Chama kilichoimiliki kilibadilika jina, wachezaji waliondoka na wengine wakaja, na nchi nayo ilibadilika, lakini bendi iliendelea. Vijana walioingia waliwakuta wakubwa, wakasimama nyuma yao, wakajifunza, na wale walipoondoka au kufariki nafasi zao zilikuwa na watu. Mzee Gurumo mwenyewe alifariki mwaka 2014, na bendi haikufa naye. Katika bendi hii waliingia nyota wengi, lakini haikuundwa kwa kuwakusanya nyota. Iliwatengeneza.

Siwezi kutaja muziki bila kutaja mji wetu. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, na mwaka huo huo alizaliwa Mbaraka Mwinshehe, ambaye alikuja kuipa sifa kubwa. Upande wa pili wa mji ilikuwako Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki kwa ajali mwaka 1965. Mbaraka alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha, akaunda bendi yake mwenyewe, akaiita Super Volcano.

Msomaji ataona kwamba katika jina hilo muziki na miamba vimekutana. Tena siku hizi wataalamu wanalitumia neno hilo kwa volkano zilizotoa zaidi ya kilomita za ujazo 1,000 za majivu na mawe kwa mlipuko mmoja. Mlipuko wa Toba, huko Sumatra, uliotokea yapata miaka 74,000 iliyopita, ulikuwa wa namna hiyo, na majivu yake yameonekana hata katika matope ya chini ya Ziwa Nyasa. Lakini jina ni jina tu. Super Volcano ya Mbaraka haikuwa supagrupu. Ilikuwa bendi ya nyota mmoja, na nguvu zake zilikuwa kwake. Januari 1979 nyota huyo alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, akiwa na umri wa miaka 34 tu. Nyimbo zake twaziimba hata leo. Bendi yake ni watu wachache wanaoikumbuka bila kumtaja yeye kwanza.

Nisionekane kama nayachukia makundi ya nyota, nitaje moja ambalo nalipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikusanywa Dar es Salaam wanamuziki wazee waliowahi kupiga katika bendi za zamani, wakaunda Shikamoo Jazz. Alikuwamo Salum Zahoro, ambaye alikuwa wa Kiko Kids ya Tabora, na Bi Kidude wa Unguja aliimba pamoja nao. Hilo lilikuwa supagrupu kweli kweli, la watu wenye mvi. Lakini tazama tofauti. Hakuna bendi iliyovunjwa ili Shikamoo Jazz ipatikane. Bendi zao nyingi zilikuwa zimekwisha; wazee walikuwa nyumbani bila magitaa. Kuwakusanya kulikuwa kuwaokota, hakukuwa kuwang'oa.

Sasa nije kwa watu wa miamba. Wao huanza na tabaka. Mchanga, matope, changarawe au mabaki ya mimea hulala chini ya maji au bondeni, hufunikwa na mengine juu yake, na baada ya muda mrefu hugeuka kuwa jiwe. Tabaka ambalo mtaalamu anaweza kulitambua na kulichora katika ramani hupewa jina, mara nyingi jina la mto au kijiji lilipoonekana. Matabaka kadhaa yaliyofuatana huitwa kundi. Makundi kadhaa yaliyofuatana au kuhusiana huitwa kundi kuu. Sisi watu wa Uluguru, tunaofuata ukoo wa mama, hatuna tabu ya kuelewa jambo hili. Mtu ana tumbo lake, matumbo yana ukoo wao, na koo nyingi pamoja ndizo Waluguru. Mtu akijiita Mluguru hajaufuta ukoo wake.

Kundi kuu lenye sifa katika Afrika ni la Karoo, lililopewa jina la nchi kavu ya Afrika Kusini. Mawe yake yalianza kulala yapata miaka milioni 300 iliyopita, yakaendelea mpaka karibu miaka milioni 180 iliyopita. Hayako Afrika Kusini tu. Ukishuka kusini mwa milima yetu, kupita Kisaki mpaka bonde la Rufiji, yamo. Yamo pia kusini-magharibi mwa nchi, katika bonde la Ruhuhu, na huko ndiko yalikosomwa vizuri zaidi hapa Tanzania. Matabaka ya Ruhuhu huitwa kwa pamoja Kundi la Songea, nalo ni sehemu ya Karoo.

Hebu tazama yaliyomo katika kundi hilo moja. Chini kabisa kuna tabaka la Idusi, ambalo lina mawe yaliyoburutwa na barafu, maana wakati ule nchi hii ilikuwa karibu zaidi na ncha ya kusini ya dunia. Juu yake kuna Mchuchuma, lenye makaa ya mawe ambayo wengi tumesikia habari zake. Ni misitu ya kinamasi iliyozikwa. Ukizidi kupanda unalikuta tabaka la Usili, lenye mifupa ya wanyama wa ajabu walioishi kabla ya dinosaria. Karibu na juu kuna Manda, ambako katika miaka ya 1930 iliokotwa mifupa ya mnyama mmoja, ikakaa katika makabati ya Uingereza kwa miaka mingi, na mwaka 2013 ndipo akapewa jina la Nyasasaurus. Wataalamu wanadhani kwamba huenda ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ndugu yao wa karibu.

Barafu, makaa na mifupa: vitu hivi havifanani kabisa. Kama Kundi la Songea lingechaguliwa kwa ubora, mtu wa biashara angechukua Mchuchuma na kuacha mengine, na mtu wa makumbusho angechukua Manda. Lakini wataalamu hawakuchagua. Walipanda bonde hatua kwa hatua, wakaandika kila walichokikuta, na yote yakaingia. Tena kila tabaka limebaki pale pale lilipolala, na kila moja lina jina lake mpaka leo. Mtu akisema Karoo, Mchuchuma haijafutwa.

Basi hapa ndipo ninapoiona tofauti kubwa. Katika muziki, kundi linaitwa kuu kwa sababu linawapita wengine. Katika miamba, linaitwa kuu kwa sababu linawabeba wengine. Na mimi nadhani kwamba Kiswahili chetu, tukikisikiliza vizuri, kinaelekea upande wa miamba. Mkutano mkuu wa chama si mkutano wa wakubwa. Ni ule ambao wanachama wote wana haki ya kuhudhuria. Wakubwa wana mkutano wao, nao huitwa halmashauri au kamati. Barabara kuu si ile yenye magari mazuri. Ni ile ambayo njia ndogo zote huingia, hata hii yetu itokayo Matombo ikipita hapa Mkuyuni kwenda mjini. Tukiunda kikundi cha watu wachache waliochaguliwa na kukiita Kundi Kuu, hatujasema kweli. Hiyo ni kamati ya waimbaji.

Mwenzangu mmoja, nilipomweleza haya, alinijibu vizuri. Alisema: Je, milima yetu ya Uluguru ni kundi kuu? Nilimuuliza Mwalimu, na jibu lake limenisaidia sana katika hoja hii, ingawa halikuniunga mkono kila mahali. Mawe ya Uluguru yalizikwa chini sana, yakapata joto kali na kukandamizwa, wakati mabara ya kale yalipogongana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Yaliyokuwa matabaka yakapikwa, yakakunjwa na kuchanganyika, hata leo si rahisi kusema lipi lilikuwa chini na lipi lilikuwa juu. Sheria ya kwanza ya matabaka, ambayo Steno aliieleza mwaka 1669, ni kwamba la chini ndilo la kale. Mahali ambapo utaratibu huo umepotea, wataalamu wa siku hizi huona tabu kutumia neno kundi au kundi kuu. Hutumia majina mengine. Kwa hiyo Uluguru, pamoja na urefu wake wote, si kundi kuu kwa maana yao.

Mwenzangu akacheka, akasema: Lakini rubi za Matombo zimetoka wapi? Zimetoka katika joto hilo hilo. Kweli. Chokaa ya kale iligeuzwa kuwa marumaru, na ndani ya marumaru yakapatikana mawe mekundu ambayo watu huyachimba. Nakubali. Watu hodari wakifungiwa pamoja na kupikwa kwa mazoezi makali, waweza kutoa kitu ambacho kila mmoja peke yake asingekitoa. Cream walikitoa, na Mlimani Park pia. Lakini wanaochimba wanajua ni mawe mangapi huondolewa kabla ya rubi moja kuonekana. Mlima una mawe mengi ya kutumia. Shule haina watoto wa kutupa.

Nirudi sasa shuleni kwetu. Wanaolitaka Kundi Kuu si watu wabaya, na sababu zao ni tatu. Yafaa nizijibu moja moja.

Sababu ya kwanza ni kwamba ngoma ni chache na chumba ni kimoja, na vikundi vinne vinagombania. Hili ni kweli, tena linaudhi. Lakini uchache wa ngoma ni jambo la ratiba. Siku za masomo ni tano na vikundi ni vinne. Kila kikundi kikipewa siku yake, siku ya tano inabaki. Familia yenye sufuria moja hupika kwa zamu, haimfukuzi mtoto.

Sababu ya pili ni heshima ya shule. Wageni wanakuja, na mashindano ya wilaya yapo, na inasemwa kwamba Kidato cha Kwanza huimba nje ya sauti mpaka wazazi wanainamisha vichwa. Nami nimewasikia. Lakini nauliza: waimbaji wa Kidato cha Nne wanaosifiwa leo walitoka wapi? Walikuwa Kidato cha Kwanza miaka mitatu iliyopita, nao waliimba nje ya sauti, na walijifunza kwa sababu walikuwa na kikundi cha kukosea ndani yake. Tukivunja vikundi mwaka huu tutakuwa na Kundi Kuu zuri mwaka huu, na labda mwakani. Mwaka wa tatu, hodari watakuwa wamemaliza shule, na chini yao hapatakuwa na kitu. Tabaka la juu halielei hewani. Yaliyoipata Safari Sound yatatupata na sisi, tena upesi zaidi, maana wachezaji wetu wana miaka minne tu.

Sababu ya tatu ni kwamba mwenye kipaji huchoka kukaa na wasio nacho. Sababu hii siidharau. Yuko mpigaji mmoja katika kidato chetu ambaye mikono yake inakwenda mbali kuliko sisi wote, nami namwona anavyosubiri tumfikie. Anastahili kupiga na wenzake walio sawa naye. Lakini sisi pia tunastahili kupiga naye, maana yeye ndiye aliyenionyesha kushika manyanga. Akiondolewa moja kwa moja, yeye atapata kitu kimoja, na sisi zaidi ya kumi tutakosa kimoja.

Tena nina hofu ambayo ni kubwa kuliko ngoma. Mzazi mmoja alisema mkutanoni kwamba jambo hili likifaulu katika nyimbo, lifanywe na darasani: wanafunzi wanaoongoza wawekwe chumba kimoja na walimu wazuri, ili matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yapande. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Kati ya wanaoongoza wako ambao jioni hutufundisha hesabu chini ya mwembe, kwa sababu tumo chumba kimoja na wanaona aibu kutuona tunaanguka. Wakiwekwa chumba chao, watakuwa na haraka zao, wala siwalaumu. Labda majina machache yatapanda katika matokeo. Lakini sisi wa katikati, ambao ndio wengi, tutashuka bila mtu kuona, kwa kuwa hakuna anayetuhesabu mmoja mmoja. Jambo la namna hii haliamuliwi kwa makofi.

Sipendi mtu anayepinga bila kutoa shauri lake. Haya ndiyo yangu.

Kwanza, vikundi vya vidato vibaki, kila kimoja na jina lake na siku yake ya ngoma.

Pili, Kundi Kuu liundwe, ila liundwe kama Karoo. Wiki mbili kabla ya mahafali, siku ile ya tano ya wiki iwe ya wote. Kila kikundi kilete wimbo wake mmoja ulio bora na kuwafundisha wengine, kuanzia Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne. Siku ya mahafali nyimbo hizo nne zifuatane kwa utaratibu huo, chini kwenda juu, na zote ziimbwe na wote. Katika karatasi ya ratiba liandikwe Kundi Kuu, na chini yake majina ya vikundi vinne, lisifutwe hata moja.

Tatu, kwa ajili ya mashindano ya wilaya, ambayo kweli yanataka waimbaji wachache, wateuliwe walio hodari, waende, na wakirudi warudi kila mtu kwenye kikundi chake na kuwafundisha waliobaki yale waliyoyaona. Na kila mteule afuatane mazoezini na mdogo mmoja wa Kidato cha Kwanza au cha Pili, akae nyuma yake na kutazama. Hilo halina gharama.

Nne, juu ya jambo la darasani, naomba wazazi na walimu waliweke mbali na jambo la ngoma, walijadili siku yake peke yake, na watuulize na sisi tulio katikati.

Najua kwamba wapo watakaosema mwanafunzi asiwafundishe wakubwa maana ya maneno. Sikukusudia hivyo. Wakubwa ndio walionifundisha kwamba kundi kuu lina chini yake makundi, na makundi yana chini yake matabaka, na kwamba mtaalamu hupanda nalo kutoka chini. Nimeyachukua mafundisho hayo kutoka darasa la Jiografia na kuyapeleka mpaka mlango wa chumba cha ngoma. Kama hayafai huko, naomba mwenye hoja anijibu katika gazeti la muhula ujao, kabla shauri halijakatwa.

Mimi,
Mpiga manyanga wa Kidato cha Tatu